Injini ya Kiwanda na Injini ya Fundi

Kila Jumamosi jioni, baada ya kufagia mabweni, huwa kuna mabishano chini ya mwembe ulio karibu na jiko la shule yetu. Mabishano hayo si ya mpira tu. Wako wavulana, hasa wale watokao Kampala na Jinja, wanaozijua motokaa za Kijapani kwa majina na kwa namba kama wanavyowajua ndugu zao. Swali linalowagawanya kila mara ni hili: katika motokaa zenye tabo, ipi iliyo imara zaidi, ile ambayo injini yake haijaguswa tangu ilipotoka kiwandani, ama ile ambayo fundi ameifungua akaitia pistoni na konrodi za nguvu zaidi? Wengi husema ni ya pili. Husema kuwa chuma chenye nguvu zaidi hakiwezi kuvunjika upesi kuliko chuma chenye nguvu kidogo, na hapo hucheka na kupigana mikono.

Mimi hunyamaza, maana jambo hili liliigharimu nyumba yetu fedha nyingi, na mimi mwenyewe lilinigharimu mwaka mzima wa masomo. Ndiyo sababu nina miaka kumi na tisa na ndiyo kwanza niko kidato cha sita. Sasa Mhariri ameniomba niandike, basi nitasema yote. Wazee wetu waliopita shuleni hapa, ambao baadhi yao wanayo magari ya namna hiyo, watanisahihisha nikikosea.

Kwanza yafaa tuelewane maana ya tabo. Injini ya petroli huishi kwa kuvuta hewa na kuiunguza pamoja na petroli. Kila kilo 1 ya petroli huhitaji hewa kilo 14.7. Ukitaka nguvu zaidi hapana budi uunguze petroli zaidi, na huwezi kuunguza petroli zaidi bila kuingiza hewa zaidi. Njia moja ni kuifanya injini iwe kubwa. Njia ya pili ni kuishindilia hewa ndani ya injini ile ile ndogo, kama watu wanavyoishindilia pamba ndani ya gunia. Mhandisi mmoja wa Uswisi, jina lake Alfred Büchi, aliiandikisha fikira hii mwaka 1905. Moshi wa moto utokao katika injini, ambao vinginevyo ungepotea bure, huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mtaimbo mfupi na gurudumu jingine, nalo la pili huvuta hewa na kuisukuma kwa nguvu katika silinda. Magurudumu hayo, ambayo hutosha katika kiganja cha mkono, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Mtaimbo wake haugusi chuma. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Likumbukeni neno hilo oili, maana litarudi.

Motokaa za kwanza zenye tabo kuuzwa madukani kwa watu wa kawaida zilitoka Marekani mwaka 1962, nazo ni Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Ile Jetfire ilikuwa na tangi dogo la maji yaliyochanganywa na spiriti, ambayo yalinyunyizwa katika hewa ili kuipoza. Wenye magari walisahau kulijaza tangi hilo, wakachoka, na baada ya mwaka 1963 gari hilo halikutengenezwa tena. Nalitaja hili mapema ili mtu asidhani kwamba kila kitu cha kiwandani ni chema. Kiwanda nacho hukosea, tena hukosea kwa magari maelfu kwa mara moja, lakini fundi hukosea kwa gari moja.

Hebu sasa tupige hesabu kidogo, kama tunavyofanya kwa mwalimu wetu wa fizikia. Chukueni injini ya Subaru Impreza yenye tabo, ile ya lita 2, ambayo kwetu ndiyo ijulikanayo kuliko zote. Upana wa silinda yake ni milimita 92, na mwendo wa pistoni kwenda juu au chini ni milimita 75. Basi uso wa pistoni ni kama sentimita 66 za mraba. Moto ukiwaka na kusukuma kwa nguvu mara 100 ya ile ya hewa tunayovuta, jambo ambalo si la ajabu katika injini yenye tabo, pistoni moja hubeba uzito wa tani 6 na nusu. Hiyo ni lori na mzigo wake, juu ya kitu ambacho ukubwa wake ni kama kikombe cha chai. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, lori hilo huangukia kila pistoni mara 50 katika sekunde moja. Nilipomwonyesha baba yangu mdogo hesabu hii, alitazama karatasi kwa muda, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nikilibembeleza kama punda."

Gari lenyewe lilikuwa lake. Baba mdogo ndiye anayenisomesha. Hufanya biashara ya kahawa, hupanda kutoka Mbale mpaka Kapchorwa na kurudi, na miaka mitano iliyopita alinunua Impreza WRX iliyotumika Japani, ikaja kwa meli mpaka Mombasa na kwa barabara mpaka Malaba. Watu walimcheka kuwa mfanyabiashara wa kahawa hununua lori, hanunui gari la mashindano. Lakini yeye alikulia katika siku zile ambapo Subaru zilishinda Safari Rally ya Kenya, Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Mapenzi ya ujanani hayatoki. Tena, ili nisimsingizie, gari lile lilipanda mlima vizuri kuliko gari lolote tulilokuwa nalo. Katika milima hewa ni nyepesi na injini ya kawaida huhema, lakini tabo huishindilia hiyo hewa nyepesi na injini haioni tofauti kubwa.

Kwa miaka miwili halikumsumbua. Baadaye fundi mmoja wa mji mkubwa, ambaye sitamtaja, alimwambia kwamba injini ile ilikuwa "imelala usingizi" na kwamba angeweza kuiamsha kwa nusu saa tu. Kazi aliyoifanya ilikuwa ndogo sana. Katika kila tabo kuna mlango mdogo unaofunguka ili kupunguza moshi pale hewa inapozidi kipimo. Mlango huo hupata habari kwa njia ya mpira mwembamba. Fundi alitoboa kitundu kwenye mpira huo, mlango ukadanganywa, hewa ikazidi. Gari likaruka kama swala. Baba mdogo akamlipa kwa furaha.

Wasomaji wataniuliza, hewa kuzidi kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba vyombo vingine vyote vilikuwa vimepangwa kwa hewa ya kwanza. Pampu ya petroli ilikuwa kuukuu na haikuweza kuifuata hewa hiyo mpya. Zaidi ya hayo, Wajapani waliyapanga magari yao ya namna hii kwa petroli waiitayo haioku, ambayo okteni yake hufika karibu 100, nayo si petroli tunayopata kwenye vituo vyetu. Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli. Petroli yenye okteni kubwa huvumilia kugandamizwa na kupashwa moto, inangoja mpaka plagi itoe cheche, ndipo iwake, na moto wake husafiri kwa utaratibu kutoka plagi mpaka ukutani kwa silinda. Petroli isiyo na uvumilivu hulipuka yenyewe katika pembe kabla moto haujaifikia. Mafundi husema injini inanoki. Sauti yake ni kama changarawe ndani ya debe. Pigo lake si msukumo tena, ni nyundo. Nyundo hiyo hupiga zile kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi, hupiga konrodi, na mwisho hupiga beringi zilizo chini kabisa.

Tulikuwa njiani kutoka Kapchorwa, mimi nimekaa mbele, tuliposikia changarawe hizo. Mimi sikujua ni nini. Baba mdogo aliongeza sauti ya redio. Kabla hatujafika Mbale moshi wa buluu ulikuwa nyuma yetu kama pazia, na chini ya injini kulikuwa na mgongo wa kuhesabu, go, go, go, ambao kila fundi wa Afrika Mashariki anaujua.

Fundi wetu wa Mbale ni mzee ambaye sote humwita Mjomba ingawa si ndugu wa damu. Alipoifungua alituonyesha pistoni ya silinda ya nne, ukuta wake wa ringi umemeguka kama ukingo wa chungu. Beringi ya konrodi ilikuwa imesagika na kuzunguka mahali pake. Hapo ndipo baraza lilipokaa. Rafiki mmoja wa baba mdogo, mpenzi wa ralli, alisema kuwa ni upumbavu kurudisha pistoni za kiwandani ambazo zimeshindwa mara moja. Anunue pistoni za kufua.

Tofauti ya pistoni za kusubu na pistoni za kufua ni jambo ambalo wana wa wakulima wataelewa kuliko wana wa mjini. Sufuria ya alumini husubiwa: madini huyeyushwa, humiminwa katika kalibu, hupoa, basi. Jembe la mhunzi hufuliwa: kipande cha chuma hupashwa moto na kupigwa mpaka kipate umbo. Kitu cha kusubu kikianguka kwenye jiwe huvunjika. Cha kufua hupinda. Kadhalika na pistoni. Pistoni nyingi za kiwandani husubiwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni nyingi, mara nyingine zaidi ya sehemu 12 katika 100. Silikoni huifanya iwe ngumu, isichakae upesi, na isitanuke sana kwa joto, lakini huifanya iwe na tabia ya kumeguka inapopigwa nyundo. Pistoni za mashindano hufuliwa kwa alumini yenye silikoni kidogo sana. Hizo huvumilia mapigo. Hapo rafiki wa baba mdogo alisema kweli tupu.

Lakini hakusema nusu ya pili, labda hakuijua. Pistoni ya kufua yenye silikoni kidogo hutanuka sana inapopata joto, kwa hiyo lazima ipewe nafasi kubwa katika silinda ingali baridi, hata ikafika karibu sehemu 10 katika 100 za milimita moja, ambapo pistoni ya kiwandani hutosheka na sehemu chache tu. Unywele wa mtu una unene wa kama sehemu 7. Matokeo yake ni kwamba kila asubuhi injini ya namna hii hugonga kidogo mpaka ipate joto, hunywa oili zaidi, na ringi na kuta za silinda huchakaa mapema. Mshindani wa ralli hajali, maana hufungua injini yake mara kwa mara. Mchuuzi wa kahawa hujali sana.

Watu hudhani neno "imara" lina maana moja. Katika mashindano ya Formula One ya miaka ya 1980 kulikuwa na injini ya BMW ya lita 1 na nusu yenye tabo. Kizibo chake kikubwa cha chini, yaani bloku, kilitokana na kile cha motokaa ya kawaida ya BMW iliyoanza kuuzwa miaka ya mwanzo ya 1960. Kwa injini hiyo Nelson Piquet alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1983. Katika mbio za kutafuta nafasi ya kuanzia, injini hizo zilipewa hewa mpaka zikapita nguvu za farasi 1,000, nazo ziliishi mizunguko michache tu, kisha zikaondolewa. Kila kitu ndani yake kilikuwa cha thamani na cha nguvu, na maisha yake yalikuwa ya dakika. Renault, ambao ndio walioleta tabo katika mashindano hayo mwaka 1977, gari lao lilitoa moshi mara nyingi hata Waingereza wakaliita birika la njano. Lakini mwaka 1979 birika hilo lilishinda kwao Ufaransa, huko Dijon.

Kwa upande mwingine, mwezi wa Januari 1989, Subaru walipeleka magari yao mapya ya Legacy yenye tabo katika uwanja wa majaribio huko Arizona, Marekani, wakayaendesha kwa zamu usiku na mchana. Injini ilikuwa ya ukoo ule ule wa injini ya baba mdogo, lita 2, silinda nne zilizolala chali, mbili kulia na mbili kushoto. Lilikimbia kilomita 100,000 kwa muda wa masaa 447 na dakika 44, wastani wa kilomita 223 kwa saa, pamoja na kusimama kwa ajili ya petroli, oili, na magurudumu. Nilipolisoma jambo hili niliweka kitabu chini nikatembea kidogo. Injini hiyo haikuwa ya mashindano. Ila ilipewa oili safi, petroli njema, na hewa ile ile iliyopangiwa.

Nadhani siri ya kiwanda imo hapo. Kiwanda hakitumii chuma cha thamani kuliko vyote. Hutumia chuma kinachotosha, kisha hujaribu. Injini za mfano hufungwa kwenye mtambo na kuendeshwa kwa nguvu zote kwa mamia ya masaa, hufunguliwa, hupimwa, hurekebishwa, hufungwa tena. Zinazovunjika huvunjika mbele ya wahandisi, si mlimani Kapchorwa. Fundi anayeunda injini moja hana nafasi hiyo. Injini yake ndiyo jaribio la kwanza, na anayelipia jaribio ni mwenye gari. Simdharau fundi kwa kusema hivi. Wako mafundi ambao hupima kila beringi kwa maikromita, na kazi yao hupita ya kiwanda, kwa kuwa kiwanda huridhika na kipimo kilicho ndani ya mipaka, bali fundi wa namna hiyo hutafuta kipimo chenyewe.

Tena ziko injini za kiwandani zilizozaliwa na nguvu za akiba. Ile ya Toyota Supra ya mwaka 1993, iitwayo 2JZ-GTE, ina bloku ya chuma badala ya alumini na kranki iliyofuliwa. Wajapani siku hizo walikuwa na mapatano ya kutokutangaza nguvu zaidi ya farasi 280 kwa gari lolote, mapatano yaliyodumu mpaka mwaka 2004, kwa hiyo walitoa injini zenye mwili wa mpiganaji na kuzitangaza kama makarani. Watu waliozizidishia hewa bila kuzifungua wakaona zinavumilia, wakadhani injini zote za tabo ziko hivyo. Subaru ya lita 2 na nusu yenye tabo, mathalan, inajulikana kila mahali kwa kumeguka zile kuta za ringi.

Basi baba mdogo aliamua. Alinunua pistoni za kufua, konrodi za kufua, beringi mpya, gasketi nene, boliti za hedi zenye nguvu. Fedha zilikuwa zile za ada yangu ya mihula mitatu. Aliniita nje jioni akaniambia, "Mwanangu, gari likipona kahawa itakulipia mwakani. Gari likibaki limekufa, hakuna wa kukulipia mwaka huu wala mwakani." Sikuwa na la kujibu. Nikaenda kwa Mjomba nikawa mwanafunzi wake.

Nilijifunza mengi kwake. Nilijifunza kusoma maikromita, kupanga ringi mianya yake isilingane, kukaza boliti za hedi kwa zamu kutoka katikati kwenda pembeni. Mjomba alifanya kazi kwa makini kuliko nilivyotarajia. Alikataa hata kunywa chai karibu na injini iliyo wazi. Kazi yangu mimi ilikuwa ya usafi. Niliosha bloku kwa petroli na brashi, nikapuliza kila njia ya oili mpaka hewa ikatoka safi upande wa pili. Mwisho nikapewa kile chombo cha kupoza oili, ambacho katika Subaru zenye tabo hukaa juu ya filta, kidogo kama kopo la samli, ndani yake oili na maji hupita sambamba katika matabaka membamba bila kuchanganyika. Nilikijaza petroli, nikakitikisa, nikakimwaga, mara tano, mara sita. Petroli ya mwisho ilitoka nyeupe. Nikamwambia Mjomba, "Kimekuwa safi." Akanijibu, "Vema, kijana. Funga."

Injini iliwaka kwa mara ya kwanza. Iligonga kidogo asubuhi, kama nilivyoeleza, lakini baada ya dakika chache ilinyamaza. Kwa kilomita 1,000 za kwanza baba mdogo aliendesha kama anayebeba mayai, ili ringi zikae na kuta za silinda. Oili ikabadilishwa. Kahawa ikapanda na kushuka. Kilipofika kipimo cha kilomita 3,000 na kitu, bila kukimbizwa, bila hewa kuzidishwa, go, go, go ikarudi.

Mjomba alipofungua, pistoni za kufua zilikuwa kama zilivyotoka dukani. Konrodi hazikuwa hata na alama. Beringi ya konrodi ya tatu ndiyo iliyokuwa imekwanguliwa na kusagika, na kranki imechorwa mistari. Rafiki wa ralli alimlaumu Mjomba. Mjomba alilaumu beringi kuwa za bandia. Baba mdogo hakumlaumu mtu, alikwenda nyumbani akalala mchana, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.

Baada ya hapo alikopa kwa chama cha wakulima akanunua injini nzima iliyotumika, ya Japani, ambayo haijafunguliwa. Mjomba aliifunga na kila chombo chake cha asili kilichokuja nayo, mpira usio na kitundu, pampu mpya ya petroli, na chombo cha oili kilichokuja juu yake. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Bado inapanda Kapchorwa. Oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, na haruhusu mtu aizime mara tu baada ya mlima. Huiacha izunguke polepole kwa dakika moja au mbili, ili tabo ipoe na oili isiungue katika mtaimbo wake.

Kwa hiyo wenzangu wa chini ya mwembe wakiniuliza, sitasema kuwa injini ya kuundwa ni mbaya. Rafiki yule wa ralli anayo Lancer yenye injini iliyoundwa, nayo imemaliza Pearl of Africa bila kusita. Ila huifungua kila msimu na anajua umri wa kila beringi. Mtu anayetaka nguvu mara mbili ya zile za kiwandani hana njia nyingine, pistoni za kusubu zitammegukia. Naye ajue kwamba akiziimarisha pistoni mzigo hauishi, huhamia mahali pengine, kwenye gasketi ya hedi, kwenye klachi, kwenye giaboksi, na ile giaboksi ya spidi tano ya Impreza inasifika kwa udhaifu. Lakini mtu anayetaka kufika, na kurudi, na kufika tena, na aiache injini kama ilivyo, atengeneze vile vinavyoizunguka.

Limebaki jambo moja ambalo nyumbani sikulisema mpaka likizo ya Agosti iliyopita. Katika maktaba yetu nilisoma kwamba beringi ikisagika, vipande vyake huchukuliwa na oili na kukwama katika yale matabaka ya chombo cha kupozea, wala hakuna namna ya kukiosha kikasafika. Hutupwa, hununuliwa kingine. Chombo kile cha zamani kilikuwa bado katika sanduku la vyuma chakavu la Mjomba. Nilikichukua nikakikata katikati kwa msumeno. Ndani, katika kila tabaka, kulikuwa na unga na vipande vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Vingi. Vilikuwa vimekaa hapo nilipokuwa nikitikisa, vikangoja oili ya moto na pampu, kisha vikaenda kwenye beringi mpya.

Nilivipeleka vipande vyote viwili kwa baba mdogo, nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyesema kimekuwa safi. Alivigeuza mkononi, akakwangua kwa ukucha, akatazama magamba yale juani. Halafu akaniuliza kama kipya huuzwa bei gani. Nikamtajia. Ilikuwa kidogo kuliko bei ya pistoni moja.

Akavifunga katika gazeti, akaviweka chini ya kiti cha gari, akasema twende, kahawa inangoja.